Pishi Nne

Mimi ndiye niliyemshitaki.
Nalisema mapema, msije mkalisikia kwa mwengine.

Pishi nne za karafuu, kavu, tayari kwa kituo,
zilitoka kwenye jamvi langu hapa Mtambwe
mchana wa Ijumaa, watu wamo msikitini.
Sheha alizifuata nyayo mpaka kwa Bi Time,
ambaye mtoto wake nilimkata kitovu kwa mkono huu.
Mtoto mwenyewe ndiye Shaame:
miaka kumi na sita, ndevu tatu, mdomo kama cherehani.

Mahakamani Wete feni ilikuwa ikilia.
Hakimu akavua miwani:
"Miezi minane Mafunzo, au minne kambini.
Kwata, jembe, nidhamu. Mlalamikaji asemaje?"
Nikakumbuka kwamba sisi jela tunaiita Mafunzo,
kama kwamba watu huenda kule na mkoba wa skuli.
Nikasema kambini.
Bi Time hakunitazama. Alikuwa anahesabu miezi
kwenye vidole, na vidole vinamkataa.

Habari zilinifikia vipande vipande:
wanaamshwa saa kumi, kabla ya adhana;
aliyechelewa hubeba ndoo ya mchanga
akaumwage, kisha aurudishe alikoutoa;
wanakula kwa filimbi;
mmoja, mtoto wa Konde, alilia usiku
na kikosi kizima kikakimbizwa kwa machozi yake.
Hili la mwisho nililiweka mdomoni
kama punje ya karafuu kwenye jino bovu.
Likawasha, kisha likatia ganzi.

Akarudi.
Mabega yamepanuka, shingo imesimama kama mchi.
Mama yake kamwambia, nipe chumvi;
akaruka, visigino pamoja: "Ndiyo, afande!"
Bi Time alicheka mpaka akakaa chini,
kisha hakuwa akicheka tena.

Kwangu alikuja siku ya tatu.
Ukingoni mwa jamvi, mguu sawa,
macho yakinipita juu ya ukaya.
"Nimekuja kuripoti."
Kuripoti nini, mwanangu?
Hakuwa na jibu. Somo lao liliishia hapo.
Mie nilidai pishi nne,
nimelipwa gwaride.

Nikamwambia kaa, chambua.
Akakaa. Karafuu kushoto, vikonyo kulia,
mafungu yamenyooka kama yamepimwa kwa kamba.
Huko walikufundisha kuomba radhi?
"Hapana. Tulifundishwa kupokea adhabu."
Mikono ikasita. Ndipo aliponitazama.
"Bi Raya, zile pishi nilimuuzia mtu wa magendo
kwa nusu ya bei. Na hiyo nusu hakunimalizia.
Mwizi mkubwa yule!"
Cherehani ikashona, mshono mmoja tu.
Nikacheka, astaghfirullah,
nikacheka pamoja na mwizi wangu.

Usiku mvua ikaja bila hodi.
Nilipotoka na tochi, majamvi hayapo uwanjani.
Yamekunjwa barazani kona kwa kona, kikambi,
karafuu zimo magunia, midomo imefungwa,
na kwenye tope nyayo za peku,
za mtu aliyekimbia ovyo, bila hesabu ya mguu,
zikielekea kwa Bi Time.

Kulipokucha nikachukua pishi, nikapima.
Zilikuwa kamili.
Lakini nilipima.