Nyuma ya Pini

Usinionyeshe uso wa beji kwanza.
Uso umezoea kutazamwa, umekwishajifunza uongo.
Geuza. Mgongoni ndiko kuliko na ukoo:
lehemu iliyotambaa kama ute wa konokono,
bawaba ya pini, ya shaba au ya bati,
muhuri wa kiwanda ulioliwa nusu.

Meza yangu iko Gerezani, kati ya wauza betri na wakata mabati.
Kutwa nyundo zao zinanitetemeshea lenzi.
Hapa nimepima beji za chama za kila namna:
yenye rangi ya kioo, ukiigonga kwa ukucha inalia ting;
yenye rangi ya mafuta, hiyo bubu;
ya bati lililopigwa chapa kwa haraka, mwenge umekuwa karoti;
na ile iliyochovywa dhahabu, ambayo kila mtu anadai anayo
na hana.

Jumanne alikuja Siwema Chitanda wa Kigogo.
Fundo la kanga, ndani ya fundo mfuko wa nailoni,
ndani ya mfuko beji ya kofia:
ya babu yake, askari wa Keya, aliyerudi kutoka Burma
na sikio moja limezibwa na mizinga.
Iling'aa. Iling'aa mpaka nikasikitika.

Hii, dada, ilitoka kiwandani nyeusi.
Waliichoma kwa dawa isije ikamwita adui juani.
Weusi ule ndio bei.
Nani kaisugua?

"Bibi. Majivu na limau, kila mkesha wa Idi.
Alisema mume wake hawezi kuvaa uchafu."

Nikataja bei. Akanyamaza. Nikaitaja tena, taratibu,
kama mtu anayetaja jina la ugonjwa.

Nayajua maji ya kibiriti. Najua ni dakika ngapi.
Nimeshayatumia mara mbili, sisemi kwa nani,
na mnunuzi wa Masaki alinipa mkono kwa heshima.
Siwema angeondoka na ada ya muhula mzima.
Vidole vyangu vilikwishafika kwenye chupa.

Nikachungulia chini ya bawaba, pale kitambaa kisipopita:
punje ya weusi, kama mbegu ya mchicha.
Na katika herufi, unga mweupe,
majivu ya Idi ngapi sijui, yameziba tumbo la R.
Kiwanda na bibi, hawakuonana kamwe,
wamekaa humu umbali wa upana wa ukucha.

Nikafungua daftari. Aina: ya tatu. Pini: ya asili.
Umalizio:
Kalamu ikasimama.
"Bibi aliitwa nani?"
"Somoe binti Kazembe."
Nikaandika.

Akafunga fundo lake. Akauliza kama namjua mtu
anayenunua redio mbovu.
Nikamwelekeza: duka la tatu, mlango wa kijani,
na asikubali bei ya kwanza.