Pedeli

Usiniulize inauma wapi. Haiumi.
Haiwashi, haijafa ganzi, wala si mshipa uliokaza.
Chukua ndoo ya dagaa waliotolewa majini sasa hivi,
wamwage ndani ya mfupa, chini ya goti,
kisha uniambie: lala.

Saa tano usiku, Igogo. Nyumba yetu imeegemea jiwe
na mimi nimeegemea nyumba.
Nikisimama, wananyamaza.
Nikijinyoosha kitandani wanaanza upya,
na Ng'washi anavuta shuka:
"Lugata, umenipiga teke tena."

Kila mtu ana jina la ugonjwa wangu.
Muuza maandazi wa Makoroboi alisema ni baridi ya ziwa, nivae soksi.
Nilivaa. Dagaa wakapata joto.
Shemeji akasema ni mawazo, mwenye madeni halali.
Kweli ninadaiwa, ila deni haliishi kwenye muundi.
Mchungaji aliikemea miguu, wa kulia kwanza.
Kijana wa duka la dawa akanipa vidonge vya mafua,
vile vinavyolewesha usingizi:
usiku ule nilitembea mpaka adhana ya alfajiri.
Wazee wa kijiweni ndio waliofunga kesi:
ni hiyo cherehani.
Miaka ishirini na sita unakanyaga pedeli,
miguu imekariri.

Hilo liliniingia. Lilikuwa na sura ya ukweli.
Tukauza mbuzi wawili, tukafunga mota.
Nikashona sare za shule Januari nzima,
miguu imekaa chini ya meza
kama wageni kwenye msiba wa watu wasiowajua.
Na dagaa, ambao zamani walingoja giza,
wakaanza kuja saa kumi jioni.
Kumbe pedeli haikuwa mchawi.
Pedeli ilikuwa ikinibembeleza.

Mchawi.
Neno hilo ninaijua bei yake.

Kayenze, nikiwa na miaka tisa,
mama yangu Nyanzobe alikuwa akitoka usiku wa manane
kuzunguka uwanja, akisugua mashavu ya miguu
kwa gunzi la mahindi.
Asubuhi macho mekundu.
Majirani wakajumlisha: anatembea usiku, macho mekundu.
Hawakuhitaji namba ya tatu.
Ufukweni wakaacha kuteka maji nyuma yake.
Na mimi, niliyemnyonya,
siku moja nilifunga mlango kwa ndani
nikamsikia akigonga kwa kidole kimoja,
taratibu, asimwamshe mtu.

Daktari wa kule kilimani, binti mdogo, kalamu sikioni,
hakuuliza nimeruka dawa ya nani njia panda.
Aliuliza: ukitembea, inapungua?
Usiku inazidi?
Kwenu kuna mwingine?

Nikasema hakuna.
Akaandika.
Nikasema: ngoja.

Damu ikaonyesha ghala la chuma limebaki vumbi.
Chuma! Mimi ninayeshinda na sindano, makasi na pasi.
Akanipa vidonge, akanikataza kuviteremshia na chai.
Kupona hakuniahidi. Alisema huenda watapungua,
nami nikampenda kwa hiyo "huenda".

Mkanda wa pedeli nimeurudisha. Mota ipo, inauzwa.
Usiku mwingine bado naamka, napanda jiwe,
naziangalia karabai za wavuvi kule majini,
mji mzima wa watu wasiolala
ambao hakuna anayewaita wachawi.

Kayenze sijarudi. Sijui ningemwambia nani.

Ila juzi mwalimu wa Holo aliniita shuleni.
Mtoto hatulii kwenye dawati, alisema,
anapiga piga miguu, ni utundu, amechapwa mara mbili.
Holo ana miaka kumi na mmoja.
Alikuwa amesimama pale mlangoni, mguu mmoja ukisugua mwenzake.

Nikamwambia mwalimu:
fimbo hiyo naifahamu, ilianza kwa bibi yake.
Mwache asimame kidogo.