Fremu ya Kiboriloni

Nililipia fremu, si yeye.
Elfu nane, na kioo kina ufa.
Bwana wa Kifaransa, tai shingoni kama bandeji,
sharafa zimechanwa,
jina lake limeliwa na mende, zimebaki herufi tatu.

Fundi Kimambo akaniambia, huku akichomoa misumari:
huyu alichorwa juu ya jiwe, kwa mafuta,
kisha jiwe likasuguliwa,
akachorwa mwingine.

Mkono ukakataa kumtupa.

Picha ya baba, ya kitambulisho,
iliyokuzwa hadi macho yakawa moshi,
nimeiweka mbele yake.

Mvua ya Aprili ikipiga bati
nawatazama. Namwona mmoja.
Baba ameegemea kifua cha asiyemjua
na ufa wa kioo
unawapitia wote wawili.