Vipande Viwili

Saa tatu asubuhi, jua bado halijaamka.
Januari ya Oulu hulala kama mgonjwa.
Navaa glavu, nafungua friji,
natoa vipande viwili vya nyama ya watu,
vyembamba kuliko njiti ya kiberiti:
kimoja cha Taisto, seremala,
kingine cha Eljas, aliyeendesha treni za magogo.

Hawajuani. Kwenye karatasi ni pacha.
Damu yao imetoa namba ileile,
na chini ya hadubini seli za tezi
zimesongamana namna moja, zimepinda namna moja.
Daktari Raappana alivua miwani, akasema:
"Jicho langu limefika mwisho."

Baba yangu naye aliachwa hapo, mwisho wa jicho.
Wakamkata kwa tahadhari.
Uvimbe wake, tulikuja kuambiwa,
pengine ungelala tu hadi uzee umchukue.
Miaka kumi na mmoja alivaa nepi ndani ya suruali ya suti,
akaacha kwenda sauna na wenzake,
akasema joto linamchosha.
Nasi tukaitikia: joto.

Basi silihoji tena umbo.
Paka na mtoto wa chui, gizani,
macho yao huwaka sawasawa.
Nasaga, naosha, nakamua
ile minong'ono ambayo jeni hupeana
kabla seli haijanyanyua mguu kuhama.
Jeni kumi na saba.
Ipi imepaza sauti, ipi imezibwa mdomo,
ipi ilikuwa mlinzi na sasa imelala zamuni.

Mashine inanguruma hadi saa nane.
Nakunywa kahawa. Jua linachungulia, linaghairi.

Taisto: kimya.
Arudi kwa randa yake, tumwite baada ya miezi sita.
Eljas:
nilisoma lebo mara ya pili,
nikaisoma mara ya tatu.

Sitabiri. Huu ni uwezekano, una desimali mbili,
na desimali hujua kudanganya kwa adabu.
Lakini kesho simu italia nyumbani kwake mapema,
mapema kuliko ingelivyolia mwaka jana,
na hilo, kwa leo, ndilo nililo nalo mkononi.

Jioni nikipita stesheni
treni ya magogo ilikuwa inang'oka,
theluji juu ya magome.
Nilisimama nikahesabu mabehewa.
Ishirini na tisa.
Sijui kwa nini nilihesabu.