Mkandaji

Picha ya saba katika kasha langu ilikuwa mkate.
Mkate wa kawaida, umepitiwa na kisu mara moja,
kipande kimelala ubavu.
Wilf Garbutt akaukodolea macho
kama mtu aliyesimama nje ya nyumba yake
na ufunguo umebaki ndani.
Kiharusi kilimkuta Februari, anakamua,
kikamwachia mguu mmoja, mkono mmoja,
na maneno yapata arobaini, mengi ya matusi.

"Hiki ni nini, Bwana Garbutt?"
Mvua ya Yorkshire dirishani, haina haraka.
Mdomo ukatafuta, ukapapasa, ukashika:
"Lady."
Bibi. Bibi mwenye cheo, wa kuvuliwa kofia.
Nikaandika kosa.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita
na kalamu nyekundu mpya.

Mkewe Thirza alikaa kwenye kiti cha wageni
akiukanda ule mkono uliokufa,
kutoka kiwikoni kushuka, dole gumba likizama nyamani,
vile alivyokanda unga tangu ana miaka kumi na mitatu
kwenye tanuri la baba yake huko Pickering.
Hakusema kitu. Aliitazama kalamu.

Ng'ombe: sawa.
Ndoo: sawa.
Chumba cha maziwa, alichokisugua sakafu nusu karne:
"Dough," akasema. Donge la unga.
Kosa.
Nikaandika kwenye faili: *maneno yametawanyika, hayana mpango.*

Wiki ya pili Thirza akaja na kamusi ya asili ya maneno,
nzito kama tofali, ya gari la maktaba,
ukurasa umewekewa alama kwa karatasi ya mfuko wa hamira.
"Soma hapo, mtoto wa Wales. Kwa sauti."

Nikasoma.
Kwamba zamani, kabla wafalme wa huku hawajasema Kifaransa,
mwenye nyumba aliitwa mlinzi wa mkate.
Karne zikamtafuna katikati,
akabaki mfupa mmoja: *lord*.
Na mwenzake aliitwa mkanda-mkate,
naye akatafunwa, akabaki *lady*,
amevaa glavu nyeupe, amesahau unga kuchani.
Lakini ile nusu yake ya kukanda ina ndugu:
*dough* ni damu yake,
na *dairy* pia, chumba cha maziwa,
kwa kuwa kijakazi aliyekanda
ndiye aliyekabidhiwa na maziwa.

"Basi hakukosea," Thirza akasema.
"Ameingia kwa mlango wa nyuma."

Mkuu wangu alicheka. Sadfa, alisema.
Mzee aliacha shule ana miaka kumi na minne;
ubongo uliojeruhiwa huokota lolote lililo karibu.
Nami nilijua hivyo. Nilikuwa na cheti.
Lakini usiku, kwenye basi la kurudi Malton,
niliziona zile kuta za juu zimebomoka,
na chini, kwenye ghala lisilo na taa,
ukoo mzima umeketi meza moja,
wanapeana chumvi.

Au labda ni jambo dogo zaidi.
Miaka arobaini na minne mkate wa nyumba ile
ulitoka katika mikono ileile.
Nilimwonyesha mkate.
Akamtaja aliyeukanda.

Oktoba, picha ya saba.
"Bread," akasema, wazi, kama kengele.
Nikaweka tiki. Nikapiga makofi, nadhani.
Thirza aliuacha mkono wa mumewe kidogo,
akafuta viganja kwenye sketi
ingawa havikuwa na kitu.
"Haya," akasema. "Nimerudi kuwa Thirza."

Halafu akaushika tena,
akaanza upya kutoka kiwikoni.