Soko Halipigwi

Msibani huku Old Moshi, mbege ikishazunguka,
wanaume huanza kumsifu Mangi wetu:

*Kirumbuyo simba dume, aliyetwaa vilima,
akitoka na waume, nchi nzima hutetema,
ng'ombe wake wangurume, wasikike Uru nzima,
nani tena tumtume? Mwingine hajasimama.*

Mimi niko nyuma ya nyumba, nasuuza vibuyu,
na mdomo unaniwasha.
Bibi alinilea bondeni, tukikata majani ya ng'ombe.
Mzigo ukiwa kichwani shingo haigeuki,
basi unasikiliza tu.

Alisema: ukuta ule wa mawe, uliobaki nusu,
kila jiwe lilipanda kutoka mtoni
juu ya kata ya majani makavu ya mgomba.
Askari walisimama pembeni, wamejipaka mafuta, wanang'aa.
Ndelilio alishikwa na uchungu njiani, akalitua jiwe.
Siku ya nne alirudi kulichukua.

Alisema: vita ni vyao, soko ni letu.
Hata mikuki ikiwa imenolewa pande zote mbili,
mwanamke mwenye kikapu alipita.
Soko halipigwi.
Ndeshau, mke mkubwa, alikwenda na ulezi mpakani mwa Uru,
akarudi na magadi,
na kiunoni kamba ya mgomba,
fundo moja kwa kila mkuki aliouona.
Usiku Mangi aliyapapasa mafundo.
Asubuhi waliimba kwamba ana macho ya mwewe.

Na Makyara?
Makyara alikwenda kuteka maji, akatekwa yeye,
kibuyu chake mkononi, bado hakijajaa.
Huyo alikuwa wa Uru. Akawa mke wa tano.
Walimuuliza misimu mitatu:
mfongo wa kwenu unaanzia wapi, tuuzibe?
Akasema, "Maji hayaniagi yakitoka."
Alipigwa. Akasema vilevile.

Mwaka ule Mangi aliazimia kuimaliza Uru.
Mama yake akapika mbege ya vita, ulezi ukiota chini ya majani,
na wake wote wakakoroga, Makyara pia.
Siku ya soko akajitwika kikapu.
Chini ya ndizi aliweka jani moja la isale,
amelipiga fundo.
Ndeshau alikuwa nyuma yake. Aliliona.
Bibi hapo alikuwa anatema mate, anabadilisha mundu mkono.
Ndeshau aliliona,
akalitandikia jani la mgomba juu yake, vizuri,
kama mtu anayemfunika mtoto.
Jioni ile kamba yake ilirudi na mafundo machache.

Askari walifika Uru alfajiri.
Jivu lilikuwa moto. Chungu kilikuwa kimeinamishwa.
Watu na mifugo walikuwa pangoni chini ya ardhi,
kila ng'ombe amefungwa mdomo kwa kamba ya mgomba.
Kirumbuyo alisimama katikati ya migomba mitupu,
akapandisha mkuki, akasema ameshinda.
Nani wa kumbishia?

Kwa hiyo kila msiba, wakifika pale
*wasikike Uru nzima*,
mimi hucheka ndani ya kibuyu.
Kibuyu kina mwangwi.
Jana mtoto wa kaka yangu alikuja akaniuliza,
"Shangazi, unacheka nini kwenye matanga?"
Nikampa mundu.
Nikamwambia kesho tunashuka bondeni mapema.