Tofali la Nchi Sita

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi tuliziba.
Kila Februari, kabla ya masika, mume wangu alikanda udongo
akaupaka ufa ule ule nyuma ya kitanda cha Minza,
na ukuta tunaujenga vilevile.

Ulianguka saa nane usiku.
Mvua ilipanda kutoka ziwani pamoja na upepo wake,
maji yakapita katikati ya majabali ya Mabatini
kama mtu anayeijua nyumba anayokwenda.
Minza alikuwa ametoka kwenda chooni.
Sina maneno mengine.
Alikuwa ametoka kwenda chooni.
Godoro tulilifukua asubuhi.

Miaka kumi na mmoja nagonga kokoto mlimani hapa:
nyundo, jiwe, pete ya tairi la kulizuia lisiruke,
ndoo kwa ndoo mpaka lori lijae.
Kokoto zangu zimo kwenye ghorofa za mjini,
zimo kwenye benki ambayo sijawahi kuingia,
na mimi usiku nikilala ndani ya udongo na mabua.

Mama mkwe alisema, choma matofali, wenzio wote walichoma.
Nikamuuliza kuni ziko wapi.
Akatazama kilima hiki, akatazama na kile,
akarudi kwenye mchicha wake.

Basi nikaenda kwa wafyatuaji.
Wa kwanza, mfuko mmoja wa saruji anautolea matofali sitini.
Bei nzuri, kicheko kizuri.
Nikaliinua moja hadi kiunoni, nikaliachia.
Lilimwagika kama sukari.
"Mama, tofali halijaribiwi hivyo!"
Nikamwambia, mvua ndivyo inavyojaribu.

Wa pili, Bwire, kijana wa Ukerewe, mkimya,
mfuko wake hauzidi thelathini na tano.
Huyafunika kwa magunia, huyamwagilia siku saba
asubuhi na jioni, kama mgonjwa anayenyweshwa uji.
Lake lilianguka likakaa.
Kona ilimeguka kiasi cha punje ya karanga.
Nikanunua ishirini, kisha kumi, kisha sita;
wiki ambayo lori halikuja, nilinunua moja,
nikalibeba kichwani, watu wakanicheka njia nzima.

Fundi Magesa alitaka kuiruka linta.
"Vyumba viwili tu, mama, nondo za nini?"
Sikubishana naye. Nilimpeleka kwenye kifusi,
nikamwonyesha pale kilipokuwa kitanda,
nikamwambia, hebu lala hapa kidogo.
Hakulala.
Alitoa futi mfukoni akaanza kupima.

Nondo nne, ringi kila baada ya shubiri,
mkanda ukazunguka kuta zote bila kukatika
kama mbeleko inavyomzunguka mtoto na mama yake.

Mume wangu anasema nyumba hii imekula nyama yetu yote,
hata paka amehamia kwa jirani.
Ni kweli.
Na ada ya Minza ya muhula huu bado haijalipwa,
mwalimu ameandika barua mbili, ninazo.
Sijisifu. Zipo usiku ninahesabu mifuko ya saruji
badala ya kulala.

Jana tulimwaga zege la linta.
Fundi akaita, "Kokoto!"
nikasogeza ndoo zangu mwenyewe,
na kwa mara ya kwanza tangu nishike nyundo
hakuna aliyenihesabia hela mkononi.
Nilisimama pale nikizitazama zinazama kwenye uji wa kijivu,
moja moja, nazijua.

Leo jioni niko juu ya ngazi na kopo, namwagilia.
Paa bado. Mabati bado. Mlango ni gunia.
Nyuma ya Saanane wingu limekaa jeusi
na upepo umeshaanza kunusa nguo kambani.
Minza ananiangalia kutoka chini.
"Mama, mvua hiyo inakuja. Unamwagilia nini?"

Namshushia kopo la pili.